Dari la Ngazi Lenye Taa za Kujificha: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kenchi Hadi Boriti

Dari la kwanza la ngazi nililolipiga kwa mikono yangu lilikuwa la sebule ya ndugu yangu, Tanga. Mchana lilipendeza. Kona zilikaa sawa, rangi nyeupe, ngazi, yaani ile sehemu ya dari iliyoshuka kidogo, imezunguka chumba kizima. Saa moja usiku tukawasha taa zilizojificha ndani ya ngazi, na kila kiungo cha bodi za jipsamu kikajitokeza kama kovu. Palipokuwa na nundu ya nusu milimita pakawa na kivuli cha kiganja kizima. Nililiparua lile dari nikalipiga skimu, ule unga laini wa kusawazisha uso, upya, na tangu hapo kila dari la aina hii nalianza kwa kufikiria taa kwanza, bodi baadaye.

Ndiyo maana mwongozo huu hauna picha ishirini za mitindo. Mitindo iko tele, na kila fundi ana simu iliyojaa picha. Nitachukua chumba kimoja chenye vipimo kamili, nikipeleke kutoka kwenye kenchi hadi rangi, kisha nieleze jinsi ya kuweka boriti katikati kwa yule anayependa dari la kwao Lamu au Unguja. Sebule yetu ina urefu wa mita 4.8, upana wa mita 3.6, na kimo cha mita 3.0. Chako kikiwa tofauti, badilisha tarakimu, mantiki ibaki ileile.

Kwanza: chumba kinaruhusu?

Pima kimo kutoka sakafu iliyokamilika. Wengi hupima kutoka kwenye zege ghafi, wakasahau kwamba vigae na chokaa lake vitakula sentimita 5 hadi 7. Ngazi ya taa za kujificha inahitaji kushuka sentimita 20 kutoka dari la juu. Sebule ya mita 3.0 itabaki na mita 2.8 pembeni, nayo ni nzuri. Chumba cha mita 2.7 kitabaki na 2.5, hapo bado mtu anapumua. Chini ya hapo nakushauri uache ngazi. Piga dari bapa, weka konisi nzuri, ule urembo wa pale dari linapokutana na ukuta, na fedha iliyobaki inunue taa bora. Chumba kifupi chenye ngazi tatu humkandamiza mtu hata kama hajui kinachomkandamiza.

Angalia upana pia. Pindo la ngazi, yaani ile sehemu iliyoshuka inayozunguka chumba, nalipa upana wa sentimita 60. Kwenye sebule yetu katikati panabaki mita 3.6 kwa 2.4. Chumba cha mita 3 kwa 3 kikipewa pindo hilohilo kitabaki na kishimo katikati. Kipe sentimita 40.

Kabla hujanunua bodi hata moja

Bati likaguliwe. Jipsamu na maji ni maadui wa kudumu: tone moja linalovuja mwezi mzima litaacha doa la rangi ya chai, na likiendelea bodi italainika na kushuka. Kama nyumba imeezekwa kiangazi, panda na ndoo za maji ukamwagie kwenye makutano ya mabati, kwenye kofia ya paa, na kila mahali msumari ulipopigwa, huku mwenzio akiwa chini na tochi. Nimeona watu wakitumia mamilioni kwa dari na kukataa kutumia nusu siku kwa kazi hii.

Lipu iwe imekauka. Iache wiki nne baada ya kupigwa, na madirisha yawe na vioo au angalau yamezibwa mvua isiingie. Unyevu wa lipu mbichi hupanda ukaingia kwenye karatasi ya bodi.

Ziba njia za popo na panya. Pale kenchi zinapokutana na ukuta, nyuma ya fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, weka wavu wa chuma wenye matundu madogo. Usizibe kwa zege, kwa sababu hewa ya juu ya dari inahitaji pa kutokea. Joto la bati likifungiwa humo litashuka chumbani usiku kucha.

Kisha umeme. Fundi umeme apitishe mabomba na nyaya zake kabla ya fremu kufungwa, kwa mchoro wa dari mkononi. Muulize maswali mawili na usiridhike na jibu la "tutaona": pangaboi linaning'inia kwenye nini, na vifaa vya kupunguza umeme wa taa vitakaa wapi?

Pangaboi halishikwi na jipsamu. Linataka ndoano ya chuma iliyofungwa kwenye mbao ya kenchi au kwenye mbao nene iliyounganisha kenchi mbili. Taa kubwa ya kuning'inia vilevile. Kimo chake nacho kina maana: mabapa yakizungukia ndani ya shimo la ngazi, upepo utazunguka humohumo juu na wewe chini utaendelea kutokwa jasho. Tumia fimbo ndefu mabapa yashuke chini ya pindo, lakini yasipungue mita 2.3 kutoka sakafuni. Na usiweke taa ndogo za kutoboa juu ya mabapa. Kila bapa litakatiza mwanga, na chumba kitapepesa hadi kichwa kiume.

Acha pia mlango wa kupandia darini, sentimita 60 kwa 60, ukiwa kwenye korido au stoo. Asiye na mlango hutoboa dari lake siku taa ikizimika.

Hesabu ya bodi

Bodi iliyozoeleka madukani ni mita 1.2 kwa 2.4, yaani mita za mraba 2.88. Kwa dari natumia ya milimita 9 kama fremu ni ya karibu karibu, au ya 12 kama mwenye nyumba anamudu. Ya 12 ina uzito wa takriban kilo 25 kwa bodi, hivyo wawe watu watatu wa kuinua, si wawili.

Dari la juu halihitaji kufika ukutani. Linafunika shimo la katikati na kuingia sentimita 30 juu ya pindo kila upande, kwa hiyo ni mita 4.2 kwa 3.0, sawa na mita za mraba 12.6. Pindo lenyewe ni 8.64. Mdomo wa pindo, ule ukingo mfupi unaoficha taa, una mzunguko wa mita 12 na kimo cha sentimita 8: karibu 1. Ukuta wa nyuma wa mfereji wa taa una mzunguko wa mita 14.4 na kimo cha sentimita 20: karibu 2.9. Jumla ni mita za mraba 25 na kidogo. Gawanya kwa 2.88, ongeza asilimia 10 ya vipande vinavyoharibika, utapata bodi 10. Dari bapa la chumba hichohicho lingekula bodi 6. Hii ndiyo hesabu ya kumwonyesha mwenye nyumba mapema, kabla hajashangaa kwa nini ngazi moja imeongeza bodi nne.

Patana na fundi mapema pia. Wengi hutoza kwa mita ya mraba kwa sehemu bapa na kwa mita ya urefu kwa ngazi. Liandikwe nani ananunua skrubu, msasa na tepu. Vitu vidogo hivi ndivyo vinavyoleta ugomvi.

Bodi zihifadhiwe zikiwa zimelala juu ya vipande vya mbao, sio zimeegemezwa ukutani. Zikiegemezwa wiki moja zitapinda, na bodi iliyopinda hainyooki tena darini.

Kupima

Sakafu yako haijanyooka, nakuhakikishia. Usipime mita 3.0 kutoka chini kwenye kila kona, utapata dari lililofuata makosa ya sakafu.

Chukua hosipaipu inayoonyesha ndani, ijaze maji, toa mapovu yote. Weka alama moja ukutani mita 1 kutoka sakafuni kwenye kona yoyote. Mwenzio ashike upande mmoja wa hosipaipu kwenye alama, wewe peleka upande wa pili kwenye kona inayofuata. Maji yakitulia, usawa wa maji ndio alama yako. Zunguka kona zote nne hadi urudi ulikoanzia. Alama ya mwisho isipogota kwenye ile ya kwanza, rudia. Mwenye kipimo cha mwanga wa leza afanye kazi hii kwa dakika tano, lakini hosipaipu haidanganyi na haiishiwi betri.

Kutoka alama hizo pima juu sentimita 180 kupata usawa wa pindo, na sentimita 200 kupata usawa wa dari la juu. Piga kamba ya chaki kuzunguka kuta zote. Halafu pima mishazari ya chumba, kona kwa kona. Ikitofautiana, chumba chako kina pembe zisizo sawa, na hapo utaamua: shimo la katikati liwe mstatili wa kweli, na tofauti ikae ukutani kwenye pindo. Jicho husamehe pindo lenye sentimita 60 huku na 62 kule. Halisamehi shimo lililokwenda upande.

Fremu

Una njia mbili. Mbao za inchi 2 kwa 2, ambazo mafundi huziita blandaringi, au chaneli za chuma. Mbao ni rahisi kupatikana hata wilayani, lakini lazima ziwe zimetiwa dawa ya mchwa na zimekauka kweli. Mbao mbichi husinyaa ikiwa juu, inavuta skrubu, na baada ya miezi sita dari lina nyufa ambazo watu humlaumu mpiga skimu. Chuma hakisinyai wala hakiliwi. Mimi kwa dari la taa za kujificha napendelea chuma juu, na mbao kwenye pindo, kwa sababu mbao hukatika kwa maumbo kwa urahisi. Ukanda wa pwani chukua chaneli zilizopakwa zinki na skrubu nyeusi zenye mipako mizuri. Hewa ya chumvi hula chuma kitupu, na kutu hupenya rangi.

Fremu ya juu ifungwe kwenye kenchi kwa vining'inizo kila mita 1 hadi 1.2, na chaneli za kubebea bodi ziwe kila sentimita 40, kutoka katikati hadi katikati. Nachagua 40 kwa sababu inaingia kwenye 120 mara tatu na kwenye 240 mara sita, hivyo mwisho wa bodi hukutana na chaneli daima. Pitisha kamba kutoka ukuta hadi ukuta chini ya fremu na urekebishe kila kining'inizo hadi kamba iguse kote bila kubonyea. Nusu siku itakwenda hapa. Usione uchungu. Unyoofu wa dari lote unaamuliwa wakati huu, na skimu haiwezi kuokoa fremu iliyobonyea.

Kama juu yako ni slabu ya zege, kama ilivyo kwenye maghorofa, tumia nanga za chuma zinazotanuka ndani ya tundu. Vile vishikizo vya plastiki ni vya ukutani. Vikibeba uzito unaovuta moja kwa moja kwenda chini, hutoka taratibu, na dari zima linaweza kushuka juu ya watu waliolala.

Bodi za juu

Bodi zilale kukata chaneli, si kufuata chaneli. Anzia katikati ya chumba uende pembeni, ili vipande vidogo vikae mahali pasipoonekana. Viungo vya ncha visipangane mstari mmoja. Visogeze kama matofali. Upande uliopunguzwa unene kiwandani ukutane na mwenzake, kwa sababu bonde hilo ndilo kitanda cha tepu.

Skrubu za milimita 25 kwa chuma, za 35 kwa mbao. Ziwe kila sentimita 20, sentimita 1 kutoka ukingo wa bodi. Anza katikati ya bodi kuelekea nje. Ukianza kona zote nne bodi itabaki na tumbo. Kichwa cha skrubu kiingie kidogo tu, kibonyeze karatasi bila kuichana. Karatasi ndiyo inayobeba bodi. Skrubu iliyochana karatasi haishiki kitu, kwa hiyo piga nyingine sentimita 5 pembeni yake.

Pindo na mfereji wa taa

Hapa ndipo madari mengi yanakufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Funga mbao ya 2 kwa 2 ukutani kufuata mstari wa chaki wa pindo, skrubu kila sentimita 40. Sentimita 30 kutoka ukutani shusha nguzo fupi kutoka kwenye fremu ya juu, kila sentimita 60, hadi usawa uleule. Mbao za kukatiza zitoke ukutani, zipite kwenye nguzo hizo, zijitokeze sentimita 30 nyingine kuelekea katikati ya chumba. Sehemu hii inayojitokeza ndiyo sakafu ya mfereji wako. Unganisha ncha zake kwa mbao moja iliyonyooka kama uzi, maana mstari huo ndio macho yatakaotembea juu yake kila siku.

Mdomo wa pindo uwe na kimo cha sentimita 8 kutoka chini ya pindo. Unabaki mwanya wa sentimita 12 hadi dari la juu. Usiupunguze. Mwanya wa sentimita 6 hutoa mstari mkali wa mwanga ukingoni na giza katikati, tena mkono hauingii siku ya kubadilisha taa.

Sasa taa ikae wapi ndani ya mfereji? Mafundi wengi huibandika nyuma tu ya mdomo kwa sababu ni rahisi kufika. Matokeo yake ni mstari uliokatika juu ya dari, kama ukingo wa kivuli. Tupige hesabu. Mbao ya pindo ina unene wa sentimita 5, taa inaongeza nusu sentimita, kwa hiyo mdomo unaizidi taa kwa sentimita 2.5. Taa ikiwa sentimita 3 nyuma ya mdomo, mwanga wake wa moja kwa moja utapita juu ya mdomo kwa mwinuko mkali na kukatika sentimita 14 hivi tu ndani ya chumba. Ukiirudisha hadi sentimita 25 nyuma ya mdomo, miale hulala, na mwanga hufika karibu mita 1.2. Shimo letu lina upana wa mita 2.4. Maana yake mwanga wa upande huu na ule unakutana katikati. Na mtu aliye chini hawezi kuiona taa, akae popote, kwa kuwa bado iko chini ya usawa wa mdomo.

Ndiyo sababu mfereji wetu ni mpana wa sentimita 30 na si 10. Ukuta wake wa nyuma uzibe kwa bodi na uupake rangi nyeupe kabla hujaweka taa. Mfereji mchafu wa mbao na vumbi hunyonya mwanga.

Viungo, skimu na jaribio la usiku

Kwenye viungo vya dari la juu natumia tepu ya karatasi iliyozamishwa kwenye unga wa viungo, kwa sababu inavumilia mtikisiko kuliko tepu ya wavu. Tepu ya wavu ni rahisi kubandika na inatosha kwenye pindo. Kwenye kona za nje za mdomo weka kona za chuma au plastiki, la sivyo siku mtu akipitisha ngazi ya kupandia atazimega.

Mkono wa kwanza wa unga ni wa kuzika tepu tu. Wa pili upana wa sentimita 20. Wa tatu sentimita 30 au zaidi, mwembamba, ukififia pembeni. Kila mkono ukauke kabisa: Dodoma siku moja, Tanga au Mombasa wakati wa masika hata mbili. Kisha skimu ya dari zima, mikono miwili, na msasa namba 120 ukifuatiwa na 220. Vaa barakoa. Vumbi la jipsamu halina harufu, ndiyo maana watu hulipuuza.

Subiri usiku. Zima taa zote, chukua taa moja yenye mwanga mkali, ishike karibu na dari pale mfereji ulipo, mwanga ulale juu ya uso wa dari kama taa yenyewe itakavyofanya. Kila nundu itatoa kivuli. Zungushia penseli, jaza, piga msasa, rudia usiku wa pili. Jaribio hili linachukua saa moja na lingeniokolea wiki nzima kule Tanga. Siku hizi simlipi fundi skimu salio lake kabla ya usiku huo, na namwambia hivyo tangu siku ya kwanza ili asije akaona nimemgeuka.

Taa

Chukua mkanda wa LED wa volti 24. Wa volti 12 hufifia ukizidi mita 5. Ile mikanda inayochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba ni rahisi, na madukani imejaa, lakini mingi hupepesa, na ukiikata mahali pasipo na alama unajitafutia ajali. Ndani ya mfereji wa mbao na vumbi siitaki.

Taa ikikaa sentimita 25 nyuma ya mdomo, mzunguko wake ni mita 14. Gawa mara mbili: kila kipande mita 7, kikianzia kona moja na kuishia kona ya mkabala, na kila kimoja kiwe na kipunguza umeme chake. Kwa mkanda wa wati 10 kwa mita, kila kipande kinataka wati 70. Ongeza asilimia 20 ya pumzi, utaona kipunguza umeme cha wati 100 kinafaa. Vikae karibu na mlango wa kupandia darini, penye hewa, visifunikwe na kitu.

Taa yote inakula wati 140. Ukiiwasha kwa muda wa saa tano kila usiku ni uniti 0.7, kama uniti 21 kwa mwezi. Kwa familia nyingi hiyo si kidogo. Weka swichi ya kupunguza mwanga, au chukua mkanda wa wati 5 kwa mita ugawe gharama nusu. Sebule ya kuangalia televisheni haihitaji zaidi.

Rangi ya mwanga huandikwa kwa namba. 3000 ni manjano ya jioni, 4000 ni nyeupe tulivu, 6500 ni ya samawati kama duka la dawa. Kwa nyumba nachukua 3000. Nunua mikanda yote siku moja, kasha moja, maana namba hiyohiyo kutoka makasha mawili inaweza kuwa na rangi mbili.

Bandika mkanda juu ya kipande cha alumini, usiubandike juu ya mbao tupu. Joto likipata pa kwenda taa hudumu, na gundi haiachii.

Usisahau taa za kazi. Mwanga wa kujificha ni wa kupendezesha. Mtoto hawezi kuusomea. Kwenye pindo toboa taa ndogo, kati ya ukuta na mfereji, na hakikisha kabla ya kutoboa kwamba hapakai mbao.

Rangi

Dari lipakwe rangi ya maji isiyong'aa hata kidogo. Rangi ya kung'aa juu ya taa ya kujificha ni kioo cha makosa yako. Mkono wa kwanza uzimuliwe maji ili skimu inywe, halafu miwili mizito. Rola ya manyoya mafupi, mkono wa mwisho ukielekea mwanga unakotoka. Ukitaka rangi, iweke kwenye dari la juu peke yake na iwe hafifu. Mwanga utaiongezea nguvu mwenyewe.

Jikoni na bafuni usipeleke mambo haya. Huko weka bodi ya kijani inayovumilia unyevu, bapa, au dari la plastiki, na umalize.

Boriti katikati

Anayetoka pwani anajua kwamba dari la urembo halikuletwa na jipsamu. Kwenye nyumba za mawe za Lamu na Unguja boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, nyeusi, na katikati yake chokaa nyeupe. Juu yake kuna vipande vya matumbawe, kisha zege la chokaa lililopondwa. Vyumba vile ni vyembamba, upana wa karibu mita 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti haikupatikana ndefu zaidi ya kubeba uzito ule. Mti ndio uliopima chumba. Majahazi yalizichukua boriti hizohizo hadi Oman na nchi za Ghuba zisizo na misitu, na huko nako nyumba zikapata vyumba vya upana uleule.

Shimo letu la katikati lina mita 2.4 upande mfupi. Boriti zinaingia humo kama zimezaliwa humo.

Mikoko leo inalindwa, na kuikata kunahitaji kibali. Kenya ilipiga marufuku kuuza nje boriti zake tangu 1982. Kwa kazi hii, ambayo boriti ni pambo na haibebi kitu, sioni haja ya kugusa mikoko. Natumia mirunda ya mkaratusi iliyokauka, yenye kipenyo cha sentimita 8, iliyopasuliwa katikati. Nusu mrunda hukaa bapa juu ya dari, na uzito unapungua mara mbili. Wenye urefu wa mita 3 una takriban kilo 5. Kila sentimita 30 utaweka mmoja, kuanzia sentimita 15 kutoka ukingoni, jumla 12. Kilo 60 na zaidi zinaning'inia juu ya kichwa cha mgeni, kwa hiyo maandalizi yanaanza kwenye fremu: kabla ya kupiga bodi za juu, pitisha mbao tatu za 2 kwa 3 kufuata urefu wa chumba, zifungwe kwenye kenchi, na uandike vipimo vyake ukutani kwa penseli. Skrubu za boriti zitapita bodi na kuingia kwenye mbao hizo.

Ongeza kushuka kwa pindo kutoka sentimita 20 hadi 25, maana boriti imekula 4 za mwanya. Na ubadilishe taa: weka mkanda pande mbili ndefu tu, kule ncha za boriti zinakoelekea. Mwanga utateleza kati ya boriti kama maji kwenye mifereji. Ukiweka na pande fupi, mwanga utagonga ubavu wa boriti ya kwanza, na zilizobaki zitakaa kwenye kivuli chake.

Menya magome yote. Kausha kivulini mwezi mzima au zaidi, paka dawa ya wadudu pande zote pamoja na upande uliopasuliwa, kwa sababu mti ukianza kubunguliwa ukiwa darini utanyesha unga kwenye makochi. Paka rangi nyeusi au kahawia iliyokolea ukiwa bado chini, mikono miwili. Dari jeupe nalo lipakwe hadi mkono wa mwisho kabla ya boriti kupanda; kupaka nyeupe kati ya boriti nyeusi kutakutoa machozi.

Kila boriti ishikwe na skrubu tatu ndefu, moja kwenye kila mbao. Toboa tundu kwanza mti usipasuke, zamisha kichwa cha skrubu sentimita 1 ndani, kisha ziba tundu kwa kipande cha mti uleule ulichokichonga kwa kisu, ukigonge, ukikate, ukipake rangi. Anza na boriti mbili za katikati, nenda huku moja na kule moja, ukipima kila nafasi kutoka kwenye mstari wa katikati ya chumba na si kutoka kwa jirani, la sivyo kosa la milimita 3 litafika ukingoni likiwa zaidi ya sentimita nzima.